Gauni la Gogo

Ndugu zangu, niruhusuni nisimame hapa mbele ya kanisa, karibu na kiti, maana nikianza kulia nitahitaji mahali pa kukaa. Wengi mnanijua kama fundi wa nguo wa hapa Turffontein. Leo nataka mjue mikono hii imepita wapi. Majina ya watu sitayataja, Mungu anawajua.

Mwaka ule mahakama iliposema mtu mzima anaweza kuwa na bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake, alinijia mteja mmoja, Mzulu wa mtaa wa Observatory, mtu mpole. Alikuwa ameshika mfuko wa kitambaa uliochanika.

"Sisi," akaniita, yaani dada, "unaweza kunishonea mwingine kama huu?"

Nikamuuliza ni wa nini. Akasema mama yake ana saratani, maumivu hayamwachi, na yeye anamtengenezea mafuta ya bangi gerejini. Ana mashine inayozunguka kama ya kufulia. Majani yanakaa ndani ya mfuko, yanaoshwa kwa spiriti baridi sana, maji ya kijani yanatoka na makapi yanabaki. Kisha anachuja tena kwa vichujio vyembamba. Shida yake ilikuwa mshono. Ulipitisha uchafu, na vile vichujio vyembamba vikaziba kila mara.

Mnacheka? Hata mimi nilicheka. Fundi wa magauni ya harusi, leo nashona soksi ya bangi! Lakini nilimfikiria yule mama. Nikamshonea kwa mshono wa kukunja, uzi mara mbili, hata chembe haipiti. Alifurahi, akaniomba niende nyumbani kwake kupima mfuko mkubwa zaidi.

Ndugu zangu, nawaambia, spiriti ikishapanda hewani huioni. Siku ile mvua ilikuwa inapiga, milango ya gereji imefungwa. Mimi nimeinama na futi yangu ya kupimia kwenye mdomo wa pipa la ile mashine, na friza kuukuu kwenye kona ikajiwasha yenyewe, ikatoa cheche. Basi. Moto wa spiriti mwanga wake ni hafifu sana. Mimi niliujua kwa maumivu kabla ya macho kuuona.

Aliyenifunika ni yule mama mgonjwa. Alitoka chumbani kwake na blanketi la kitandani, akanikumbatia nalo, mikono yangu katikati yetu, huku mwanawe, naye ameungua mkono, anafungua milango. Sote tulitoka hai. Mungu wangu!

Hospitali nilikaa sana. Niliporudi nyumbani, mikono yote miwili ilikuwa kwenye bandeji. Mume wangu, mnajua ni mlinzi kule Hillbrow. Alikuwa anarudi asubuhi, hata viatu havui, anakaa kitandani na bakuli la uji. "Ni wa moto, Mama?" Anaupuliza. Hata nywele alinisuka yeye. Eish, nilionekana kama shamba lililolimwa na ng'ombe kipofu! Alivyojivuna, sikuwa na moyo wa kumwambia.

Bandeji zilipotoka, vidole vilikuwa vimekunjamana, havinyooki. Hospitali walinipa mazoezi. Yaliniuma hadi nikaacha. Nanyi dada zangu mlikuja na sombe na ugali, mkaniambia, "Pumzika, usiguse kitu." Ulikuwa upendo, nami sitausahau. Lakini polepole nilianza kujiona kama kiti kilichovunjika, kimewekwa pembeni. Nikamwambia mume wangu, "Papa, toa hiyo cherehani. Siwezi kuitazama." Akaifunika kwa kitenge, akasema, "Sijasikia."

Ndipo siku moja mchana akaja yule mama mgonjwa, gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi. Mwanawe alimsaidia kupanda ngazi, yeye mwenyewe hathubutu kunitazama. Gogo akaketi karibu yangu, akahema, akasema, "Mwanangu, nataka gauni la kuzikiwa. La zambarau, lenye kola."

"Gogo, siwezi hata kushika mkasi."

"Nimekuuliza kama unaweza? Nimekuambia ninachotaka."

"Mafundi wako wengi."

"Hao sikuwafunika na blanketi langu."

Nikamwambia nitachukua muda mrefu mno. Akanipapasa goti. "Basi nitangoja. Sina safari kabla gauni halijaisha."

Nililia siku hiyo, ndugu zangu, lakini si kwa huzuni. Tangu niungue, watu wote walikuwa wananipa. Huyu, mgonjwa kuliko mimi, alikuja kuniomba.

Kesho yake nikarudi kwenye mazoezi. Mume wangu ananishika vidole kimoja kimoja, mimi napiga kelele, yeye anaimba ili majirani wasinisikie. Nilianza na kushika uzi, kisha sindano, kisha mkasi. Gogo alikuja kupimwa, akachoka, akalala kitandani kwetu huku mimi nakata kitambaa. Mshono wa bega moja ulikwenda mrama. Nilitaka kuufumua, akanikataza. "Acha hivyo. Malaika wajue fundi ni nani."

Gauni liliisha wakati wa baridi. Akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akakataa kulivua! "Gauni zuri hivi nilivae nikiwa nimelala tu?" Akaenda nalo kanisani, kliniki, hata sokoni. Mvua zilipoanza alitutoka. Tulimzika nalo, na doa la mchuzi kifuani ambalo tulilisugua likakataa kutoka.

Namshukuru mume wangu. Nawashukuru ninyi na masufuria yenu. Namshukuru mwana wa gogo, ambaye sasa tunaitana kaka na dada. Na gogo, apumzike.

Nilichojifunza ni hiki: aliyeumia mletee chakula, ndiyo, lakini pia muombe kitu, kisha umngoje.

Kuna dada mmoja amekaa humu, ametoka kwenye ugonjwa mrefu, na watu wote tunamwambia apumzike. Simtaji. Dada, mapazia ya kanisa hili yanataka kushonwa upya, na mimi peke yangu siyawezi. Nakuomba uje. Nitangoja.