Yuma Abibu, Mchoraji wa Migongo

Ijumaa tarehe 30 Septemba 1983, Raia Yuma Abibu alisafisha brashi zake kwa petroli katika karakana ya rangi ya Kampuni yetu kwa mara ya mwisho. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya kazi. Adhuhuri alikwenda msikitini kama kila Ijumaa, kisha akarudi tumuage. Alikuta tumekwisha kugawana viti na soda bila kumngoja, akasema hiyo ndiyo dalili kwamba amestaafu kweli.

Alizaliwa Kasongo, Maniema, mtoto wa mshona kanzu. Mkono wake ulifunzwa chuoni, kwa kuandika aya za Kurani kwa kalamu ya tete juu ya ubao wa mbao. Alipofika hapa Lubumbashi mwaka 1954 kuomba kazi, alipewa kipande cha bati aandike neno la hatari. Aliandika bila rula. Msimamizi akaja na rula yake, akapima herufi moja moja, kisha akairudisha rula mfukoni. Siku ya pili Yuma alivaa ovaroli.

Tangu hapo hakuna hata mmoja wetu ambaye hajamtii. Vaa kofia, usivute sigara hapa, ngoja treni ipite: yote yalitoka mkononi mwake. Mji ulipobadilishwa jina, alipanda ngazi. Nchi ilipobadilishwa jina, alipanda tena. Na mwaka 1972, tulipobadilisha majina yetu wenyewe, ya Kizungu kwa ya mababu, alipita ofisi kwa ofisi na kikwangulio. Mhasibu aliyeitwa Émile wakati ule alikuta jina lake la zamani limefutwa mlangoni na rangi ya kuandikia jipya imekwisha ghalani. Kwa siku kadhaa watu walimwita Bwana Mlango Mweupe, na wapo wanaomwita hivyo hadi leo.

Lakini nje ya karakana Yuma anajulikana kwa picha za watu, na watu wake wote wametupa mgongo. Mfanyakazi mwenye kofia, mama mwenye beseni kichwani, wacheza ngoma: hakuna anayemtazama yule anayemtazama. Wageni hudhani ni mtindo. Sivyo. Yuma alipokuwa akitoka Kasongo, baba yake aliacha cherehani akamsindikiza mpaka barabarani, akamwambia: "Andika vile unataka. Lakini muntu usimupe sura, maana hautaweza kumupa pumzi." Mzee huyo alifariki kabla mwanawe hajarudi kumsalimu. Neno likabaki bila mtu wa kulilegeza.

Kila Jumapili Yuma alichora nyumbani, juu ya magunia ya unga aliyoyavuta kwenye fremu za mbao za masanduku. Alikuwa na mshahara, ndiyo. Ila alijua kwamba siku moja Kampuni itataka ufunguo wa nyumba iliyompa, na kuanzia siku hiyo mkono wake tu ndio utakaomlisha yeye na mkewe Zabibu. Kwa hiyo alipita na picha kwapani katikati ya mji, mbele ya benki na maduka, kama wachoraji wengine. Wengine waliuza. Yeye alirudi na picha zake. Sisi watu wa Lubumbashi tunanunua picha tuitundike sebuleni, mgeni aketi chini yake, tuzungumze. Nani atamkaribisha mgeni halafu amketishe mbele ya mtu aliyempa mgongo?

Mwaka 1969 mfanyabiashara mmoja tuliyemzoea kwa jina la Alexis, aliyewauzia picha wahandisi na walimu wa kigeni waliokaa mtaa wa Karavia, alimwita dukani. Alitaka mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri. Aliahidi kununua kila atakayechorwa, hata Yuma aache kazi ya vibao akitaka. Baada ya majuma matatu Yuma alipeleka ya kwanza. Alexis aliigeuza, akaisogeza penye mwanga.

"Papa Yuma, hii ni nywele na mukia tu. Mwenyewe iko wapi?"

"Anaangalia maji yake."

"Basi maji yake imununue."

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mama Zabibu hakuwahi kulidharau neno la mkwe wake, ila alikuwa na vinywa vitano vya kulisha. Akamwambia, kwa jina la binti yao mkubwa: "Baba Sofia, batoto habakule migongo. Sura moja tu. Hata ya paka." Yuma alicheka, akala, na Jumapili iliyofuata akachora mtu mwingine anayekwenda zake.

Siku hizo mimi ninayeandika haya nilimwazima kitabu changu cha wachoraji mashuhuri wa Ulaya, kimojawapo cha vitu vichache nilivyokuja navyo mji huu. Alikirudisha baada ya mwezi, kikiwa kimefungwa kwa gazeti. Nilitazamia aniulize juu ya rangi na vivuli. Aliuliza nani alikuwa akiwalipa. Nikamweleza: huyu mfalme, huyu kanisa, huyu hakuna aliyemlipa, alikufa maskini na leo picha zake zinanunuliwa na matajiri. "Kumbe nabo balikuwa na kampuni yabo," alisema. "Na ule mwenye hakukuwa nayo, alipata matata." Nimesoma vitabu vingi juu ya sanaa. Sikumbuki kimoja kilichosema hivyo kwa maneno machache namna hiyo.

Mwaka uliofuata, Désiré, fundi wetu wa umeme, alifariki kwa homa. Picha yake pekee, ile ya kitambulisho, ilikuwa imefutika kwa jasho la mfukoni. Mjane wake, Adolphine, alikuja karakana kuomba achorewe mumewe. Yuma akamweleza kwamba hachori sura. Adolphine akaondoka kwa hasira, akaenda kwa mchoraji mwingine, na baada ya muda akarudi. Yule mchoraji alikuwa amempa mwanamume mzuri sana.

"Iko kama muntu wa sinema," alisema. "Simujue."

Yuma akamwomba asimame amwonyeshe jinsi Désiré alivyotembea. Adolphine aliona haya, maana tulikuwemo. Kisha akachukua kopo la rangi mkono wa kushoto, kama mumewe alivyochukua chakula chake, akatembea mpaka mlangoni. Hakuna aliyecheka.

Picha ilipokwisha, Adolphine alisimama mbele yake. "Bega ya kuume iko juu. Yake ilikuwa inaanguka." Yuma akalishusha palepale. "Na shati hii ni safi sana. Batu batasema hakukuwa anatumika kazi." Yuma akaweka vumbi. Hapo Adolphine akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Ni yeye," alisema. "Sura yake nilikuwa naiona magaribi, niko na chungu, niko na batoto, siitazame. Lakini asubui nilisimama pa mulango mpaka akapotea. Hii ndiyo naijua."

Aliitundika sebuleni, na wageni waliketi chini yake wakamzungumzia Désiré. Wanawake wa kambi zetu wote husimama mlangoni asubuhi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wakaanza kuja, wajane kwanza, kisha wenye waume wazima. Mama mmoja alileta suruali ya mumewe ili Yuma asikosee kiraka. Alexis naye alikuja, akaambiwa asubiri zamu.

Mwaka 1974 ulipohitajika ubao mkubwa wa sherehe ya Chama, tuliingiwa na hofu kidogo kwa ajili yake, kwani huko mgongo haungekubaliwa. Kazi ikagawanywa: mchoraji kutoka Akademia alichora uso wa Kiongozi, Yuma akachora umati. Wajumbe walisifu sana jinsi wananchi wote walivyokuwa wanamwelekea Kiongozi wao.

Sasa ufunguo wa nyumba umerudishwa. Baba Yuma na Mama Zabibu wamehamia Kamalondo, chumba cha mbele ni karakana, na maombi kutoka Kipushi na Likasi yatamshughulisha mpaka mvua zitakapokwisha. Mama Zabibu ndiye anayepanga bei, na ametuomba tutangaze katika gazeti hili la Kampuni kwamba haipunguzwi kwa wenzake wa kazini.

Kabla ya kuondoka Baba Yuma alimkabidhi ngazi na brashi Raia Mujinga, mwanamke anayeshika nafasi yake. Mujinga alimwuliza kwa heshima kama watu wanaochorwa kwenye vibao vyetu waendelee kutupa mgongo, kwa kuwa tumezoea. Baba Yuma alitikisa kichwa.

"Ile ilikuwa neno ya baba yangu na mimi. Wewe umupe muntu macho, mama, aone mahali anaweka mguu."

Baba Yuma, asante kwa kila herufi iliyotufikisha nyumbani tukiwa wazima. Mungu aupe mkono wako utulivu na nyumba yako mpya amani. Pumzika kidogo, chora sana, na maisha yako ya Kamalondo yawe mema.