Rodel Macaraeg na Picha ya Vidato Kumi na Vinne

Wasifu wa marehemu, ulioandikwa na kusomwa na dada yake, Zenaida Macaraeg Toledo, kwa niaba ya familia, makaburini, Jumamosi tarehe 22 Machi 2025

Familia inawaomba wote mliofika leo msikilize habari hizi mpaka mwisho. Wapo kati yenu waliopanga kuondoka mapema, wakiwa na ubao wa magurudumu ndani ya gari, ili saa tisa alasiri wawe kwenye ngazi za mahakama ya zamani. Hao hasa ndio tunaowaomba wasubiri.

Marehemu Rodel Evangelista Macaraeg alizaliwa Jumatano tarehe 14 Agosti 1974 mjini National City, California. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Florante Macaraeg, mpishi katika jeshi la majini, na mama yetu Erlinda, muuguzi mstaafu, ambao walihamia hapa kutoka Pangasinan, Ufilipino, mwaka 1969. Alibatizwa mwezi uliofuata, na padri akasema hajaona mtoto anayerusha miguu kiasi kile.

Alipokuwa na miaka tisa aling'oa magurudumu ya viatu vya dada yake vya kutelezea, akayapigilia misumari chini ya kibao cha baba cha kukatia nyama. Baba alirudi kutoka safarini, akakuta kibao kinateremka chenyewe mtaani na mwanawe anakifukuza.

"Nani amekipa miguu kibao changu?" baba akauliza.

"Kilikuwa kimechoka kukaa jikoni, Tay," Rodel akajibu.

Baba alijitahidi kukasirika akashindwa. Jumamosi iliyofuata alimnunulia ubao halisi.

Rodel alisoma shule za National City na kuhitimu sekondari Juni 1992. Hesabu zake zilikuwa nzuri, tabia yake ilikuwa nzuri zaidi. Mwaka 1987, katika uwanja wa kuegesha magari nyuma ya duka la vyakula, alikutana na Gustavo Arreola, ambaye wote tunamwita Tavo. Tangu siku ile, mama alipopika alihesabu sahani moja zaidi bila kuuliza.

Mwaka 1991 Bwana Russ Halvorsen alianzisha kampuni ya mbao za magurudumu katika banda moja mjini Vista, nyuma ya duka la rangi, akaiita Kestrel Yard. Timu yake ilikuwa ya vijana watatu: Rodel, Tavo na marehemu Kip Lindqvist. Kila mmoja alikuwa na ubao uliochapishwa jina lake. Haitakuwa haki kusema kwamba hapakuwa na furaha pale. Banda lilinukia gundi na mbao mbichi. Walifunga maboksi wenyewe yaliyokwenda Japani na Ujerumani, walilala watatu kwenye gari moja, wakagawana mkate mmoja uliojazwa maharage. Watoto waliowaandikia barua, Rodel aliwajibu wote kwa mkono, na chini ya kila jibu aliandika, "Msikilize mama yako." Wengi waliokuwa watoto wakati ule wamekuja leo na mvi zao, na mmoja ameleta barua hiyo.

Lakini banda lile lilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Mtu akishaanza kuujaribu mruko mgumu, hakuna anayeruhusiwa kumwambia aache. Mwenzake anaweza kumletea maji, kumfagilia mchanga, au kusubiri mpaka jua lizame. Kumwambia "inatosha" ni kumtukana. Aliyevaa kofia ngumu alichekwa. Waliiita heshima. Familia imekuja kulijua jina lake halisi, na imechelewa.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1995, kwa Jumapili tatu mfululizo, Rodel alijaribu kuruka vidato vyote kumi na vinne vya ngazi za mahakama ya zamani. Bwana Halvorsen alipiga video na picha. Picha moja mnaijua wote. Rodel yuko hewani, mikono imefunguka kama anayetaka kukumbatia mtu, vidato viko mbali chini yake. Ilitoka katika jarida mwezi Novemba mwaka ule, ikawa bango, ikawa fulana. Baadhi yenu mmeivaa leo.

Familia imekubaliana kwamba ukweli usemwe hapa, mbele ya jeneza lake. Rodel hakutua. Alijaribu mara arobaini na moja, na mara ya arobaini na moja alivunjika kifundo cha mguu na kugonga kichwa. Miongoni mwa watu wa mbao za magurudumu, picha ya mruko ambao haukuishia kwa mtu kusimama juu ya ubao wake na kuendelea kwenda ni uongo, na kila mmoja wao analijua hilo kabla hajajua kunyoa ndevu. Picha ilitumwa kwa jarida ikitarajiwa kwamba angepona na kufanikiwa kabla haijachapishwa. Hakupona kwa wakati. Waliojua walikuwa watu watatu wa timu, Bwana Halvorsen, na mtu mmoja zaidi.

Huyo mmoja ni dada yake. Rodel alimwendea Desemba 1995 akamwambia, "Ate, dada yangu, nataka kuliandikia lile jarida. Niwaambie sikutua."

"Mama ameibandika sebuleni," dada akamjibu. "Majirani wote wameiona. Picha ni picha, nani atajua?"

"Mimi najua."

"Basi jua wewe, na unyamaze."

Dada huyo amefundisha watoto wa watu kwa miaka ishirini na saba kwamba uongo mdogo haupo. Alikosa. Anaomba msamaha kwa ndugu yake hadharani, kwa sababu faraghani hawezi tena.

Kampuni ilifungwa Mei 1998. Tarehe 6 Juni mwaka huohuo Rodel alifunga ndoa na Noreen Sablan, na Mungu akawajalia binti, Ysabel, mwaka 2002. Alikuwa mume mpole, mwenye kupika mwenyewe siku za Jumapili. Kuanzia mwaka 1999 alifanya kazi ya ufundi wa viyoyozi. Msimamizi wake ametuambia kwamba Rodel ndiye fundi pekee aliyesoma kitabu cha maelekezo kabla ya kuharibu kitu, si baada yake.

Hata juu ya mapaa ya watu picha ile ilimfuata. Wanaume wazima waliacha kazi zao, wakapanda ngazi kumshika mkono. "Wewe ndiye Rodel wa vidato kumi na vinne! Bwana wee, ulinifanya niache shule!" Alicheka nao. Noreen anasema jioni za siku hizo hakula, alikaa tu akigeuzageuza kijiko.

Kip Lindqvist alitutoka tarehe 30 Oktoba 2016, akiwa na miaka arobaini na tatu. Miaka yake ya mwisho hakuweza kuijua njia ya nyumbani kwake, wala kufunga kamba za viatu. Madaktari walisema ni mapigo mengi ya kichwa tangu ujanani. Rodel na Tavo walibeba jeneza lile wakiwa bega kwa bega.

Mwaka 2019 kichwa cha Rodel nacho kikaanza kumsumbua. Kwanza mwanga ulimuumiza, kisha akawa anamuuliza Ysabel jambo lilelile mara tatu. Tarehe 12 Februari 2024 daktari alimwambia wazi kwamba pigo moja zaidi lingeweza kumuua. Rodel aliikunja barua ya daktari, akamwambia mkewe, "Kichwa kimechoka tu, mpenzi. Hata wewe ungechoka kukaa na mimi."

Septemba mwaka huo Bwana Halvorsen alitoa upya ubao wenye picha ile, mbao mia tano. Ziliisha kwa siku mbili. Watu walilia walipoupata, wakasema umewarudishia ujana. Ikapangwa video mpya ya kutimiza miaka thelathini ya picha ile. Rodel aliwaona wale wanunuzi kama watu mia tano wapya aliowadanganya. Alimwambia Tavo angekwenda kuifanya picha iwe kweli. Noreen alimpigia simu Bwana Halvorsen tarehe 2 Machi akamsomea barua ya daktari. "Nitaongea naye," akajibu.

Jumamosi tarehe 8 Machi, saa mbili asubuhi, walikuwa watatu kwenye ngazi zile: Rodel, Tavo na Bwana Halvorsen. Familia imeiona kanda, kwa sababu Bwana Halvorsen aliileta mwenyewe, na kwa hilo tunamshukuru. Katika jaribio la kumi na moja Rodel anaanguka chali. Anakaa. Anacheka.

"Leo siku gani?" anauliza.

Hakuna anayecheka naye. Tavo anasikika akisema, "Jumamosi, ndugu yangu," kisha ananyamaza. Kimya kile kinachukua sekunde kumi na tisa. Dada yake amezihesabu. Ndani ya kimya hicho walikuwa watu wawili wanaompenda, wenye midomo, wanaojua yaliyoandikwa na daktari.

"Tena," Rodel anasema. Nao wanampisha.

Alifariki hospitalini siku hiyohiyo, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Haya hayasemwi ili mtu aaibishwe mbele ya kaburi. Yanasemwa kwa sababu Tavo ameapa kwamba leo saa tisa ataviruka vidato vile kwa niaba ya Rodel, kamera iko tayari, na wengi wenu mmekubali kwenda kutazama. Tavo ana miaka hamsini na moja. Alikuwa kwenye lile gari na Kip, akaanguka palepale alipoanguka Kip. Tangu Krismasi amemwita Noreen mara mbili kwa jina la dada yake mwenyewe.

Rodel hana deni la kulipiwa. Picha ilikuwa ya uongo, na leo imesemwa kuwa ya uongo. Imeisha. Hakuna kilichobaki pale ngazini cha kurekebishwa.

Kwa hiyo familia inalisema neno ambalo hakuna aliyelisema asubuhi ile, na inamwomba kila mmoja wenu alichukue kama ruhusa ya kulisema. Inatosha, Tavo. Saa tisa tutakuwa ukumbini, tambi za pansit zitakuwa za moto, na Noreen hatakaa mezani mpaka ukae.

Marehemu ameacha mama, Erlinda, mke, Noreen, binti, Ysabel, dada, Zenaida, na shemeji, Wilfredo, wapwa wawili, na ndugu asiye wa damu, Gustavo Arreola, ambaye tumemwandika katika orodha hii ya walio hai kwa hiari yetu, kwa wino, na hatukubali kulihamisha jina lake.

Mungu ampokee Rodel, ampe usingizi usio na maumivu. Sisi tuliobaki tushikane mikono, na aliye karibu na Tavo asimwachie.