Clermézine, Aliyengoja Mlangoni Hadi Aitikiwe

Mama Clermézine Estimable alizaliwa tarehe 14 Mei 1958, kijijini karibu na Ouanaminthe, Haiti, mtoto wa tatu wa Bwana Osias na Bibi Philomène. Shule aliishia darasa la tatu. Mwalimu alisema akili anayo ila hakai. Kengele ililia miguu yake ikiwa tayari nje.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Anélus Estimable, fundi mwashi, na mwaka 1983 wakahamia Santiago, Jamhuri ya Dominika. Kihispania hakuwa nacho. Mwanzoni aliitikia "ndiyo" kwa kila kitu, mpaka jirani yake, Doña Altagracia, alipomletea mbuzi na kueleza maneno mengi. Ndiyo, ndiyo. Mbuzi akakaa kwake mwezi mzima, akala hata pazia.

"Si ulikubali mwenyewe, shoga!" Altagracia alimcheka.

Tangu hapo hakuitikia asichokielewa. Alimshika mtu mkono, akamwambia, "Nionyeshe." Kisha naye akarudia kwa vidole na uso, na kama sivyo, wakaanza upya. Siagi yake ya karanga yenye pilipili aliiuza hivyo hivyo: anakuonjesha, unakohoa, anakupepea, mnacheka, unanunua. Mkwewe Yolette, mke wa mwanawe Wilner, alipofika mwaka 2016, mjamzito na anaogopa kliniki, alimpeleka mwenyewe, akaigiza kila maumivu ya mkwewe mbele ya daktari. "Mwanangu, maneno machache yanatosha," alimwambia. "Usione haya tu."

Jambo moja la kwao Haiti hakuliacha. Mlangoni pa mtu alisimama nje akaita, "Heshima!" wala haingii hadi aitikiwe, "Adabu!"

"Ingia bwana, mlango uko wazi!" Wadominika walimpigia kelele.

Yeye yuko juani, beseni la siagi kichwani, anabadili mguu huu na huu, anaita tena. Mtaa mzima ukajifunza kuitikia, ili mradi aingie.

Bwana Anélus alimtangulia mwaka 2011. Tarehe 2 Februari 2024 Mama alipata kiharusi. Kihispania chote kilimtoka, Kikrioli, lugha ya kwao, kikabaki vipande. Hospitalini hakutulia: alivuta shuka, akanyooshea mlango kidole, akalia. Familia ilidhani anataka kutoka, ikaogopa atakufa hajaeleweka.

"Nionyeshe, mama," Yolette alimbembeleza. Maji? Wilner? Nyumbani? Mama alifumba macho kwa hasira. Ndipo Yolette akaona: kila aliyesukuma mlango na kuingia tu, Mama alishtuka, akageukia ukuta. Akamnong'oneza Altagracia, aliyekuwa kando ya kitanda. Altagracia akatoka, akafunga mlango, akaita kutoka nje:

"Heshima!"

"Adabu," Mama akajibu, wazi kabisa, na mikono yake ikaachia shuka.

Baada ya hapo hata daktari aliita kwanza. Mama alifariki asubuhi ya tarehe 19 Februari, akiwa ametulia.

Ameacha mwana, Wilner, na mkewe Yolette, binti, Guerda, wajukuu wanne, na Altagracia, aliyekuwa akimwita dada.

Leo Mama Clermézine yuko kwenye mlango mwingine, na ameshaita. Bwana Mungu amwitikie upesi, maana kungoja kulimchosha miguu. Aingie, akae, apumzike kwa amani.