Hatua Ishirini hadi Nyumba ya Tilden

Sogeeni, enyi jamaa ya Bwana. Wa nyuma wasinong'one, wa mbele wasisinzie. Katika mji wa Tilden Neck, Massachusetts, kuna benchi mbele ya duka la kahawa. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu, imesimama nyumba ya mbao iliyojengwa enzi za mfalme wa Uingereza, ikakarabatiwa, ikawa makumbusho. Miaka kumi na miwili wazee watatu walikalia benchi hilo bila kuvuka, kama Waisraeli walioiona Kanaani wakapendezwa zaidi na kivuli cha hema. Mmoja wao alikuwa Lyman. Mkewe, Dorcas, ndiye aliyewatembeza wageni mle ndani kwa kujitolea, amevaa kofia ya kitani na aproni ya kale. Sasa wageni walikuwa wameadimika, na Jumamosi hiyo nyumba ilikuwa inafungwa moja kwa moja. Asubuhi Dorcas alimwomba mumewe avuke barabara, mara hii tu. Lyman aliahidi. Kisha akapitia kahawa, akawasimulia wenzake ahadi hiyo.

Benchini ubishi ulikuwa ule ule: kwa nini dohani ya nyumba ile, bomba lake la kutolea moshi, ni nyeupe, na ina mkanda mweusi juu? Wendell, aliyeitwa Hakimu ingawa mahakamani alikwenda mara moja tu, kushtakiwa kwa ajili ya mbwa wake, alishikilia kwamba ni alama ya watiifu wa mfalme. Ezra, aliyeitwa Nahodha kwa sababu ya mtumbwi wa kuwindia bata, alisema iliongoza meli.

— Meli gani, Nahodha? Bahari iko maili tisa.

— Zamani ilikuwa karibu, Hakimu. Hukuwapo.

— Nawe ulikuwapo? Haya, Lyman, mkeo anasemaje?

Lyman hakujua. Kwa aibu akatunga kwamba mwenye nyumba alikuwa mlevi, na mkewe aliipaka rangi ili aione akirudi. Wenzake wakamsifu mno, na sifa zile zikamnunulia kikombe cha pili. Saa zikapita.

Mwanamke mgeni akasimamisha gari.

— Samahani, wazee. Pale wanafunga saa ngapi?

Hakimu akatazama saa yake. Nahodha akatazama mbingu. Waliojua siri zote za mfalme hawakujua saa ya mlango. Na ng'ambo, Dorcas alikuwa ametoka, anashusha kibao cha kuwakaribisha wageni.

— Si ulimwahidi? Nahodha akauliza taratibu.

Lyman akaweka kikombe chini, akavuka. Mwanamke yule akamfuata.

— Nimechelewa, mama? Lyman akamwuliza mkewe.

— Miaka kumi na miwili, alisema Dorcas, akikirudisha kibao msumarini. Futa viatu, uingie.

Nawe unisikiaye, yupo aliyesimama mlangoni akikungoja, nawe unahubiri habari za dohani yake. Weka kikombe chini. Vuka leo, kibao kingali msumarini.