Ngamia Sifuri

Tuktuk ilipoondoka mjini Garissa kuelekea darajani, goti la Nunow lilitetemeka hata mama aliyekaa naye, Zamzam, akamuuliza kama ile ni injini ama ni yeye.

"Ni mimi, eddo," Nunow akajibu, akimwita shangazi kwa heshima. "Nimetoka intavyu ya kuandika programu za kompyuta. Wamesema watapiga simu leo."

"Si ulijibu?"

"Yote, ila la mwisho. Waliniambia niandike programu ya kuhesabu ngamia wa baba, niweke idadi yao ya kweli, niitaje kwa sauti."

"Audhubillahi! Ukaitaja mbele ya watu?"

"Nitajeje, jicho la hasidi liingie zizini? Niliandika sifuri."

Zamzam alicheka, na dereva huapa mpaka leo kwamba gurudumu moja liliacha lami.

"Sifuri! Wewe umeogopa jicho, halafu umeua ngamia yote kwa kidole!"

"Eddo, ile ni kompyuta tu."

"Basi kama ni kompyuta tu, mbona hukutaja?"

Simu ya Nunow ikalia. Haikuwa ofisi, alikuwa baba yake, kutoka malishoni Eldas, mtu asiyepiga simu bila jambo.

"Pokea," Zamzam akasema, bila kucheka.

Nunow aliitazama tu ikilia, mpaka tuktuk ikasimama.