Lyle Vondracek, Aliyefukia Vumbi la Runit

Marehemu Lyle Joseph Vondracek alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 mjini Wilber, Nebraska, mtoto wa tatu wa Mzee Emil na Bi. Rose, wakulima wa mahindi. Alisoma hapa hapa Wilber hadi alipomaliza sekondari mwaka 1975. Shule hakuipenda, tuseme ukweli, ila trekta aliliendesha kabla miguu yake haijafika vizuri kwenye pedali.

Mwaka 1976 alijiunga na jeshi, kikosi cha uhandisi. Miaka miwili baadaye akapelekwa Enewetak, katika visiwa vya Marshall, ambako Marekani ilikuwa imejaribu mabomu ya nyuklia. Kazi yao ilikuwa kukwangua udongo wenye sumu, kuumwaga kwenye shimo lililoachwa na bomu pale Runit, na kulifunika kwa zege. Lyle aliendesha tingatinga kifua wazi, kwa kaptura na buti, maana wakubwa walisema hakuna hatari. Alikisimulia kisiwa kile kama anasimulia ndoto: mchanga mweupe, maji ya kijani yanayoonyesha mpaka chini, ndege wakielea juu ya vumbi bila haraka. "Palikuwa pazuri mno," alisema. "Ndiyo maana tuliwaamini."

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Arlene Kucera, wakajaliwa binti mmoja, Denise. Aliendesha greda la barabara za wilaya mpaka alipostaafu. Kila Ijumaa alipeleka kazini kolache za plamu, vile vimkate vitamu vyenye tunda katikati, akiapa kwamba amezioka mwenyewe. Hakuna aliyemwamini.

Kisha wenzake wa Enewetak wakaanza kufa kwa saratani, mmoja baada ya mwingine, na Lyle akaingiwa na hofu kwamba vumbi lile bado limo mwilini mwake. Mjukuu wake Josie alipozaliwa mwaka 2019, alimtengenezea bembea, lakini kumbeba akakataa katakata. Daktari alimweleza kwamba kukumbatia hakuambukizi kitu. "Hata kule walituambia ni salama," akajibu. Arlene alilia sana, na sisi ndugu tulimkasirikia.

"Babu, mbona hunibebi?" Josie alimuuliza siku moja.

"Babu ana vumbi, mama."

"Si ukaoge!"

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya mifupa. Oktoba ya mwaka uliofuata, Delbert Ruzicka, aliyekuwa naye Runit, alikuja kumjulia hali kutoka Kansas.

"Wewe mzee una wazimu," Delbert alimwambia. "Mimi na wewe tulikula vumbi sahani moja, au siyo?"

"Tulikula."

"Basi mimi wajukuu wanne nimewabeba mgongoni. Wazima wote, na wanakula kama nzige! Unamngoja nani akuruhusu?"

Lyle alijiinua kitandani. Halafu akamgeukia mkewe. "Arlene, niletee mtoto."

Tangu siku hiyo Josie akawa analala usingizi wa mchana kifuani pake, wote wawili wakikoroma. Lyle alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024, akiwa na miaka sitini na sita.

Ameacha mjane, Arlene. Binti, Denise, na mumewe Curtis. Dada yake Marlene. Rafiki yake Delbert. Na Josie, ambaye kila mchana bado anakwenda kusimama kando ya kile kitanda na kunyoosha mikono.

Lyle wetu, Mungu akupumzishe kwa amani.