Fundi Ajipima

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa akimweleza nesi aliyekaa naye, wala hawajuani, kwamba miaka ishirini amevaa magauni yaliyotelekezwa na wateja dukani kwake. "Juzi nilijipima mwenyewe kwa mara ya kwanza, dada. Kumbe nina mabega." Nami, niliyeyatazama mabega hayo tangu stendi, nikakubali kimoyomoyo.

Nesi akalikagua gauni jipya ambalo fundi alikuwa amejishonea na kulivaa. "Hiyo njano imekolea kidogo."

"Nimeichagua mimi. Kuanzia sasa simwulizi mtu."

Basi likasimama kwenye kituo cha fundi. Akashuka ngazi moja kwa madaha, akasita, akageuka huku kondakta akigonga bati. "Dada, imekolea kidogo kiasi gani?"